Hesabu za Mwalimu Josiah

Mwaka wa 1971, mvua za Machi zilipoanza Nyacheki, kule Kisii, nyumba kumi na moja za Wasabato hazikushika jembe. Majani ya chai yaliachwa yakakomaa mpaka yakawa magumu. Chanzo kilikuwa mwalimu Josiah Obwocha, mzee aliyewafundisha kusoma nusu ya watu wa pale. Alikuwa amepiga hesabu za manabii, akapata kwamba Bwana angerudi Sabato ya kwanza ya Juni. Basi mahindi ya nini? Wavivu walikuwa wameyangoja mafundisho kama hayo maisha yao yote, lakini tuseme kweli, wengi waliacha kupanda kwa imani safi.

Baraza la kanisa likamtwika Machogu kazi ya kuyapima mafundisho hayo kwa Maandiko na kuyajibu siku ya Sabato, mchana. Machogu alikuwa mzee wa kanisa, na alijua hesabu ile haisimami. Lakini pia alikuwa amemwoa Bosibori, binti ya Josiah, na Mkisii hambishii baba mkwe mbele za watu.

"Ukimwaibisha Tata, baba yangu," Bosibori alimwambia huku akimenya ndizi, "mimi narudi kwetu na watoto. Sisemi mara mbili."

"Na nikinyamaza, watu watakula nini Agosti?"

Bosibori aliendelea kumenya.

Alhamisi Machogu alimwendea mzee peke yake, maana ndivyo ndugu anavyoagizwa kumwendea ndugu. Josiah alimpa uji, akamsikiliza mpaka mwisho, akasema tu, "Wewe fanya kazi uliyopewa." Machogu akarudi nyumbani.

Sabato ilipofika, kanisa lilijaa hadi mlangoni. Machogu alisimama kando ya mimbari, akaangalia sakafu. Aliogopa, tena aliogopa sana. Alikuwa ameandika kurasa nne za hoja, akazikunja na kuzitia mfukoni.

"Baba," alisema, "si mimi wa kukufundisha. Tunaomba utusomee pale wanafunzi walipomuuliza Bwana habari za siku ile."

Josiah akavaa miwani. Alisoma kwa sauti ile ile ya darasani, bila kuruka neno, mpaka pale Bwana anaposema siku hiyo hakuna aijuaye, hata malaika, ila Baba peke yake. Akaurudia mstari huo polepole, kidole kikiufuata. Kisha akafunga kitabu, akatoka nje, na hakuna aliyethubutu kumfuata.

Njiani kurudi nyumbani Bosibori alitangulia mbele bila kugeuka. Machogu alikuwa ameshinda, na ushindi huo ulikuwa mchungu kama shubiri.

Jumapili asubuhi, umande haujakauka, Josiah alisimama uani kwa Machogu na kikapu kitupu. Baba mkwe haendi kuomba kwa mkwewe, ni aibu. Josiah aliomba.

"Nataka mbegu za mahindi," alisema. "Zangu nilikwisha kuzila. Nilijua sitazihitaji."

Kumbe wakati wavivu wanapumzika, mzee mwenyewe alikuwa ameamini hata akala mbegu mpaka punje ya mwisho. Bosibori alichukua kikapu akaingia ndani.

"Ile aya naijua tangu ujana wangu," Josiah aliendelea. "Nimeihubiri mara nyingi. Lakini mama yenu amelala kaburini miaka mitatu sasa, na Bwana akirudi ataamka. Nilitaka aamke mwaka huu. Nikapiga hesabu mpaka ikakubali."

"Ataamka, Baba," Machogu alisema.

"Ataamka. Siku yenyewe siijui."

Bosibori alitoka na kikapu kimejaa, na majembe matatu begani. Macho yake yalikuwa mekundu. Alimpa mumewe jembe moja, na baba yake jingine.

"Twende, Tata," alisema. "Tuanzie pale karibu na Mama."