Jiwe la Netta

Hakuna mlima uliowahi kumshinda Dolina Gillies. Alilisema hilo mwenyewe mbele ya chama kizima cha wapanda vilima, mguu mmoja juu ya benchi akifunga buti. Kisha, kabla mtu hajacheka, akaongeza kwamba yote iliyokuwa na nia ya kumshinda aliitambua kwa mbali, akageuza njia mapema.

"Na hiki cha leo je, dada Dolina?" aliuliza Hector Bain, akionyesha dirishani, ingawa dirishani hapakuwa na kitu ila weupe.

"Hiki? Hiki si kilima. Hiki ni chunusi."

Wakacheka. Erchie, shemeji yake, alicheka pia, huku akilisugua goti lake chini ya meza.

Kila msimu wa baridi chama kililala siku mbili katika kibanda chake chini ya kilima cha Carn Dubhag, watu wakavipanda vilima vikubwa vya jirani, na Carn Dubhag wakakipita kama mtu anavyompita paka mlangoni. Erchie na mkewe Netta, mdogo wake Dolina, walikuwa wamevimaliza vilima vyote vya upande ule isipokuwa hicho. Hawakukisahau; walikiweka. Ndiyo desturi ya watu hawa: kilima cha mwisho huwekwa kiwe chepesi, ili siku ya kumaliza waje wote, wazee, wajukuu na mbwa, na mwenye siku yake aweke jiwe kwa mkono wake juu ya rundo la kileleni, kisha wiski izunguke. Netta alikuwa na jiwe lake tayari, dogo, la kijani, aliloliokota ufukweni nyumbani kwao. Lilikaa miaka mingi kwenye ukingo wa dirisha la jikoni, kando ya sabuni ya vyombo.

Kiangazi kimoja, siku ya jua kali na kondoo wamelala njiani, Netta alisimama kwenye geti la kilima kile akasema, "Twendeni tu leo, tukimalize."

Dolina ndiye aliyemcheka. "Unakimbizwa na nani? Chunusi hii haiendi popote. Ngoja tukusanye watu, tupike na keki."

Chunusi haikwenda popote, kweli. Netta ndiye aliyekwenda, kabla keki haijapikwa.

Sasa keki ilikuwapo, nzito, ya zabibu, iliyochemshwa ndani ya kitambaa kama babu zao walivyofanya, na Erchie alikuwapo, na jiwe lilikuwa mfukoni mwake. Wakatoka wote. Walipofika getini, theluji ikiwafika chini kidogo ya magoti, Erchie akainua mguu avuke, goti likatoa mlio, naye akaketi chini taratibu kama mzigo wa viazi.

"Usiniangalie hivyo, Dolina."

"Sikuangalii wewe, shemeji, naangalia suruali. Umekalia kinyesi cha kondoo."

Alitabasamu, lakini uso ulikuwa umekwisha kupauka. Alijaribu tena, na tena. Mwishowe akalitoa jiwe, akalitia katika kiganja cha Dolina, akavifunga vidole vyake kimoja kimoja kama mtu anayemkabidhi mtoto hela ya dukani.

"Mimi basi. Lakini yeye afike. Juu kabisa, Dolina. Si kando, si karibu."

"Juu kabisa," alisema Dolina.

Wengi walirudi na Erchie kumshika mkono. Walioendelea walikuwa watatu: mbele Senga, binti mwenye dira, aliyekuwa kiongozi wa chama na umri wa kuwa mjukuu wa Dolina, nyuma Hector, na katikati Dolina, akitema maneno njia nzima mpaka pumzi ilipokwisha, ndipo wenzake walipoanza kuwa na wasiwasi. Ukungu uliishika theluji hata usijue ardhi imeishia wapi na mbingu imeanzia wapi. Upepo ulimpiga mashavuni kama mama wa kambo.

Kisha, mbele yao, rundo la mawe.

"Tumefika!" alilia Dolina. "Si niliwaambia?"

Senga aliitazama dira, akaitazama tena. "Bado, bibi. Hili ni la begani. Kilele chenyewe kiko kule, tunashuka kidogo kisha tunapanda. Dakika kumi tu."

Dolina aliangalia kule. Palikuwa kweupe kama hapa. Akajaribu kuinua mguu, mguu ukamwambia hapana, bila hata kumwita mama.

"Nipe mimi jiwe," Senga alisema kwa upole. "Nitakimbia nalo nirudi. Hector atakaa na wewe."

Ilikuwa kufumbua mkono tu. Miaka yote iliyobaki Dolina angekuwa akirudi hapo, kwenye mkono ule ndani ya glavu yenye barafu, akiuambia: fumbuka, mjinga wewe. Lakini alikuwa na umri wa miaka sabini na minne, na asubuhi alikuwa amesimama mbele ya watu akajisifu, na jiwe alipewa yeye, si mtoto huyu mwenye magoti mapya.

"Nimepewa mimi," alisema. "Nitaliweka mimi."

Akaliweka pale. Akalisukuma katikati ya mawe mawili yaliyoganda, akasema, "Haya, Netta." Aliponyanyuka aliwageukia wenzake. "Tulifika. Sawa? Mzee amekalia kinyesi cha kondoo, inatosha kwa siku moja."

Hector alitazama buti zake. Senga aliirudisha dira mfukoni. Walipoanza kushuka, theluji iliyokuwa ikianguka ikakoma.

Jioni ile kibanda kilinuka soksi na vitunguu. Erchie alikuwa ameketi karibu na jiko, goti juu ya kigoda, na macho yake hayakubanduka mlangoni mpaka Dolina alipoingia.

"Je?"

"Juu kabisa."

"Lilikaa vizuri?"

"Kama malkia." Hapo angenyamaza. Lakini aliona uso wa mzee ukifunguka, na ulimi wake ulikuwa wa kazi hiyo tangu utotoni. "Ukungu ukapasuka kidogo, shemeji, Mungu ni shahidi! Nikaona mpaka baharini. Nikanywa funda moja la wiski, nikamwagia na Netta wake."

"Mpaka baharini," alisema Erchie. Machozi yalimtiririka mpaka ndevuni naye hakuyafuta. Senga akaondoka kwenda kukata keki, ingawa keki ilikuwa imekwisha kukatwa.

Dolina alikula kipande chake. Kilikuwa kitamu.

Asubuhi aliamka wa mwisho. Jua lilikuwa limejaa kibandani, jua lile la baada ya theluji, lisilomwachia mtu hata pa kuficha kikunjo cha uso. Erchie alikuwa peke yake dirishani na kikombe cha chai, darubini ya chama shingoni.

"Njoo, shemeji," alisema. "Njoo umwone mdogo wako."

Dolina alijua kabla hajafika. Midomo ya Hector na Senga alikuwa ameiziba; theluji hakuikumbuka. Carn Dubhag kilikaa wazi mbele yao, bega na kichwa, na kutoka getini mstari wa buluu wa nyayo za watu watatu ulipanda, ukapinda, ukafika begani, ukageuka. Njia ya mwongo ni fupi, walisema wa kale. Hii ilikuwa fupi kwa mwendo wa dakika kumi. Kutoka hapo hadi kileleni theluji ilikuwa laini kama shuka la kitanda ambacho hakuna aliyekilalia.

"Ni upepo," alisema Dolina. "Usiku ulivuma sana. Utakuwa umezifuta."

Erchie alimvisha darubini shingoni, akamnyooshea ukosi wa sweta kwa vidole vya upole, kama alivyozoea kumfanyia Netta.

"Upepo huo," alisema, "ukazifuta za juu tu?"