Shemeji wa Kwenye Mwali

Asubuhi, katika maabara ya kiwanda cha mvinyo, mpima shaba alivaa koti jeupe, akawasha mwali wa moto wa mashine na kutumbukiza mrija kwenye chupa ya sampuli. Mashine ikanyonya mvinyo, mwali ukageuka kijani, na marehemu mumewe akatokea ndani yake, kofia mkononi.

"Shemeji, hujambo?" aliuliza mwosha chupa, waliyemwita Redio kwa kuwa hazimiki.

"Sijambo. Leo nimeishia kiunoni."

Ndivyo ilivyokuwa. Mvinyo wenye shaba kidogo ulimleta uso tu, na sauti ya mbu. Shaba ikizidi, alikuja mzima. Mrututu, ile dawa ya buluu yenye shaba, ukikorogwa na maji matupu haukumleta ng'o, walishajaribu. Alitaka zabibu za shamba la kiwanda. Enzi za uhai wake alikuwa akizipulizia mrututu huo kuzuia ukungu, mdomo kaufunga kitambaa, maana barakoa zilikuwa njiani. Alikohoa kibuluu mpaka akazikwa. Barakoa bado zilikuwa njiani.

Mchana ikaletwa sampuli ya tangi kubwa. Mvinyo ule ulikuwa unanuka mayai viza, fundi wa mvinyo akatia mrututu kuua harufu, mkono ukateleza, ukaingia mwingi. Mume akatokea mpaka kamba za viatu, akaketi juu ya kichomeo.

"Lile dirisha la jikoni bado linagonga?"

"Linagonga," alisema mkewe. "Fundi alikuja kulitengeneza, nikamrudisha."

"Shemeji umenawiri," alisema Redio. "Kuna watu kufa kunawapenda."

Kikomo cha shaba ni miligramu moja kwa lita. Tangi lilikuwa na karibu tatu. Shaba ya namna hiyo huondoa ung'avu wa mvinyo, na mnywaji humvuruga tumbo. Akiuzoea, ini nalo huingia kwenye kesi.

Meneja akachungulia mlangoni, akamsalimu marehemu kwa heshima.

"Mama, andika tu uko sawa, malori yanangoja. Nitakuwekea kreti za mvinyo huu, uwe unakaa na mzee kila siku. Ukiukataa, tunausafisha wote shaba itoke, na hiyo chupa yako ndiyo ya mwisho."

Mpima shaba alimtazama mumewe. Hakuwa amemwona viatu tangu msibani.

"Watakunywa watu, mke wangu," alisema mume.

Akaandika: haufai. Kisha akaiacha mashine inyonye ile chupa mpaka tone la mwisho, wakiongea habari za dirisha.

Mvinyo wa tangi ukasafishwa. Sampuli yake iliporudi, mwalini ilitokea nyusi moja tu, nayo ilimkonyeza.

"Haya, shemeji kabaki nyusi," alisema Redio, akaendelea kuosha chupa.

Nje ya dirisha alipita mpulizaji mpya wa mrututu, pampu mgongoni, kitambaa mdomoni, anakohoa. Jioni mke wa mpulizaji huyo alibisha hodi maabara. Alikuwa na adabu zake. Aliuliza mapema, mtu akikaa upande gani wa mashine ndipo huona vizuri.

Mpima shaba akamvutia kiti.