Siku Benki Ilipoishiwa Noti

Dobi mstaafu hakuwa mtu wa kuvumilia kitu kilichokunjamana. Kwa miaka thelathini na minane aliwanyooshea watu mashati, na hata sasa gazeti likimfikia na mikunjo hulipapasa kwanza kwa kiganja ndipo alisome. Kwa hiyo asubuhi ile, alipoona noti za mchezo zimechoka, pembe zimejikunja, nyingine zina alama za vidole vyenye mafuta, hakujiuliza mara mbili. Akachomeka pasi.

Noti zenyewe hazikuweza kununua hata kiberiti nje ya darasa. Binti yake, mwalimu wa hesabu wa kidato cha pili, ndiye aliyezitoa fotokopi, na wanafunzi wakazibatiza jina la "chaki". Darasani kulikuwa na meza nane, na kila meza ilikuwa familia. Kila kipindi kilihesabiwa mwezi mmoja: mshahara unaingia, familia inapanga bajeti, inalipa kodi ya nyumba, chakula na nauli, halafu inavuta kadi ya mkosi. Mtoto kaugua. Bati linavuja. Simu imeibwa. Kinachobaki, kama kipo, wanakubaliana wenyewe: kiwekwe akiba au kinunue hisa za kampuni tatu za kubuni, ya sabuni, ya matofali na ya mabasi.

Dobi alikuwa benki. Binti alimwomba akae meza ya mbele, agawe noti na kuandika daftari, maana kwa watoto arobaini macho mawili hayatoshi. Alikubali kabla sentensi haijaisha. Watoto walimwita Babu Benki, naye kila siku ya mchezo alifunga tai.

Sasa umefika mwezi wa kumi na mbili, wa mwisho, na Mwalimu Mkuu alikuwa anakuja kuangalia. Alikwisha kumwambia binti mbele ya walimu wenzake: "Karata ni karata, hata uziite bajeti. Nikiona kamari, kabati la mchezo nalifunga na ufunguo nakaa nao mimi." Wiki nzima binti alikula kama ndege. Ndiyo maana dobi alitaka noti zing'ae.

Pasi ilipogusa bunda la kwanza ikanuka vibaya. Noti zikang'ang'aniana. Mtu mwingine angekoma hapo, lakini yeye, kwa mazoea ya kazi, alidhani moto ni mdogo, akauongeza. Wino wa fotokopi ni unga ulioshikishwa karatasi kwa joto. Ukipata joto tena unalainika. Alipobandua noti, tarakimu zote zilikuwa zimehamia kwenye kitambaa cha meza. Kosa lile lisingeweza kufanywa na mtu asiyejua kupiga pasi.

Akafika shuleni na mfuko wa karatasi mkononi, tai imepinda.

"Mwanangu, benki imefilisika," alisema mlangoni.

Binti akachungulia mfukoni. Akafumba macho, akafumbua. "Baba. Leo?"

"Nilitaka zipendeze."

"Na daftari? Hukulipiga pasi?"

"Daftari ninalo hapa kwapani."

Binti akashusha pumzi. "Basi tutacheza kwa madaftari. Kila familia inalo lake. Kama wamejifunza, watajua walichonacho bila kukishika."

Mwalimu Mkuu aliingia kengele ikilia, akaketi nyuma, mikono kifuani. Binti aliwaeleza wanafunzi kisa chote bila kuficha, na darasa likaangua kicheko. "Babu, umezichoma pesa zetu!" "Babu kasafisha pesa!" Dobi akainama, akajidai anachonga penseli.

Lakini kazi ilipoanza, kicheko kilikatika. Hakukuwa na noti za kupepea wala za kuficha chini ya dawati. Meza ya mlangoni ilivuta kadi ya bati linalovuja, na msichana mmoja akasema papo hapo, "Tuna akiba ya tisini, bati ni sitini, hatuuzi hisa." Mwenzake akataka wauze za mabasi. "Uuze bei imeshuka? Una haraka ya kwenda wapi?" Mwalimu Mkuu akanyoosha shingo.

Mwisho, kila familia ikaja mbele kulinganisha daftari lake na la benki. Daftari la dobi liliandikwa kwa mwandiko alioupata darasa la jioni akiwa na miaka arobaini na sita, baada ya kufunga duka: herufi zimesimama wima, hakuna hata moja iliyolala. Familia tano zikalingana naye mpaka chaki ya mwisho. Kila mara alitia tiki na kukaa wima zaidi.

Ikaja meza ya kona. Msemaji wao alikuwa msichana mdogo wa umbo waliyemwita Risiti, kwa sababu tangu mwezi wa pili hakuondoka mbele ya benki bila karatasi yenye saini.

"Mia tatu na kumi," akasoma dobi.

"Mia tatu na hamsini," akasema Risiti.

"Mjukuu wangu, angalia vizuri."

"Nimeangalia, Babu. Umekosea."

Nyuma, kiti cha Mwalimu Mkuu kikalia. Dobi alihisi shingo inapata moto. Noti amekwisha kuziharibu. Sasa na daftari? Alijua angeweza kusema benki haikosei, na mtoto angerudi kukaa. Akamtazama binti yake. Binti hakumsaidia, alikuwa anasubiri, kama anavyowasubiri wanafunzi wake.

"Nionyeshe," dobi akamwambia Risiti.

Risiti akachambua vikaratasi vyake, akatoa kimoja. Mwezi wa tisa, gawio la kampuni ya matofali, chaki arobaini. Saini ya dobi mwenyewe. Dobi akafunua mwezi wa tisa. Zile arobaini alikuwa ameziandikia meza ya dirishani, ambao nao wana hisa za matofali. Waliandikiwa mara mbili.

Akasimama. "Nimekosea mimi," akasema kwa sauti ya kufika nyuma. "Arobaini ni za meza ya kona."

Msemaji wa meza ya dirishani akajikuna kichwa. "Tuliziona, Babu. Tulidhani benki imetupenda."

"Basi sasa hamtakuwa wa kwanza kwa akiba," akasema Risiti.

"Ndiyo. Zitoe tu, Babu," kijana akajibu, akafuta jumla yake mwenyewe.

Dobi akapiga mstari mwekundu, akaandika upya, akatia saini, akampa Risiti risiti nyingine bila kuombwa.

Mwalimu Mkuu alikuja mbele taratibu. Akachukua daftari la meza ya kona, akalisoma ukurasa kwa ukurasa, midomo ikihesabu. Kisha akatoa mfukoni ufunguo wa kabati, aliokuja nao tayari kulifunga, akauweka mezani mbele ya dobi.

"Huu ukae na benki," akasema. Akamgeukia binti, akapunguza sauti, ingawa wa mbele wote walisikia: "Mwalimu, huwezi kututafutia siku na sisi walimu? Mshahara wangu mwenyewe hauvuki tarehe kumi."

Binti akacheka mpaka akashika ubao. Dobi hakuwa amemsikia akicheka hivyo tangu akiwa mtoto anacheza chini ya meza ya kupigia pasi.

Wanafunzi walipokuwa wanatoka, akamwita Risiti. "Nani alikufundisha kubishana na benki?"

Msichana akamshangaa. "Wewe. Mwezi wa pili ulinipa pungufu, nikakubali. Ukaniambia, usiondoke kabla hujahesabu, hata kama anayekupa ana tai."

Dobi akainyoosha ile tai kwa kiganja, taratibu, mpaka ikakaa sawa.