Bia Isiyogongwa

Mimi bia situmii, na nadhani ndiyo sababu nilitumwa. Wanywaji wawili wakikosana juu ya bia, wa kupeleka maneno huku na huku ni yule wa soda.

Mwaka 1999 nilikuwa na lori la kubeba mbao na viazi kutoka Njombe, na kila nilipolaza gari Makambako nilikula kwa Silvanus. Hoteli yake ilikuwa jirani na stendi, na ukutani iliandikwa kwa rangi nyekundu BUDAPESTI HOTELI. Mgeni akiuliza maana ya jina hilo, chai yake ndiyo imeshapoa. Silvanus alivuta stuli, akajifuta mikono, akaanza: Budapesti ilikuwa miji miwili, Buda vilimani na Pesti kwenye tambarare, mto mkubwa katikati, ikaja kuunganishwa ikawa mmoja. Kuna mabwawa ya maji ya moto yanayotoka ardhini, na wazee hushinda humo wamezama hadi kifuani wakicheza chesi. Kila siku ya kalenda ina jina lake la mtu, na siku ya jina lako unaletewa maua, hata kama wewe ni makenika. Abiria wa Songea walimsikiliza huku wakichungulia basi lao lisije likawaacha.

Mimi nilimtania. "Kaka, watu wazima wanajiloweka kama maharage, halafu unasema nchi imeendelea?"

"Wewe baridi ya Njombe inakutesa kila wiki, halafu unayacheka maji ya moto."

Alikuwa Mbena wa Lupembe. Serikali ilimpeleka Hungaria mwaka 1979 kujifunza ufundi wa mabasi, akarudi baada ya miaka mitano kuwa fundi katika kampuni ya umma ya usafirishaji. Soko huria lilipokuja kampuni ilikufa, mafundi wakapunguzwa, naye na mkewe Dorosela wakafungua hoteli. Dorosela hakuruhusu kitimoto jikoni mwake, kwa ajili yetu madereva Waislamu, na mchuzi wake wa nyama ulikuwa mwekundu kwa pilipili tamu, kama Silvanus alivyojifunza huko.

Hayo yote yalikuwa mazuri. Lililokuwa gumu ni moja: Silvanus hakugonga bia.

Asili yake, kwa maelezo yake, ni hii. Mwaka 1848 Wahungaria waliinuka dhidi ya utawala wa Austria, wakapigana, wakashindwa. Mwaka uliofuata, tarehe sita Oktoba, majenerali wao kumi na watatu waliuawa katika mji wa Arad. Inasemekana maofisa wa Austria walisherehekea vifo hivyo kwa kugonganisha bilauri za bia, na Wahungaria wakaapa kutogonga bia kwa miaka mia moja na hamsini. Divai wanagonga. Pombe kali wanagonga, tena wakitazamana machoni. Bia, hapana. Mimi niliona ni kiapo cha watu wanaopenda kununa, lakini hakikunihusu.

Kilikuja kunihusu mwezi wa nane, Noela, binti wa Silvanus, alipoposwa na Benno, mwalimu wa shule ya msingi huko Njombe. Baba yake Benno, mzee Polikarpo, alikuja na ndugu zake kutoka Mlangali, Ludewa, nami nikaalikwa kama mtu wa nyumbani. Maneno ya posa yalikwenda vizuri, wakakubaliana kila kitu, zikafunguliwa bia. Polikarpo akasimama, akanyoosha chupa yake. Silvanus akairudisha yake kifuani.

"Afya," akasema, akanywa.

Silvanus akaanza kueleza, na yeye akieleza hajui kufupisha. Austria, Arad, majenerali. Polikarpo alimsikiliza mpaka mwisho, chupa bado iko hewani.

"Kwa hiyo mimi ndiye Mwaustria?" akauliza.

Wengine walicheka. Yeye hakucheka. Alikuwa mkulima wa mahindi na maharage, mtu safi kabisa, ila alikuwa na donda moja: aliamini watu wa mjini wanawadharau watu wa Ludewa kwa kuwa wanatoka ndani, na wanafika na udongo kwenye viatu. Sasa amefika mjini, na mtu amemkwepa mbele ya ndugu zake.

Asubuhi alinifuata kwenye lori. "Ostadhi, wewe hunywi, kichwa chako kizima. Mfikishie rafiki yako. Siku ya harusi nitamletea chupa yangu mbele ya watu. Akigonga, binti yake nitamchukua kama niliyemzaa. Asipogonga, Benno ni mtu mzima, ataoa, lakini mimi na mama yake tutatoka ukumbini, na huyo binti asikanyage kwangu Mlangali."

"Mzee, kwa ajili ya bia?"

"Si bia. Kwetu mtu akikikwepa kikombe chako, ana neno na wewe."

Nilijaribu ujanja wote ninaoujua. Nikasema wazee wagonge soda. Polikarpo akajibu kwamba yeye si mtoto wa komunyo. Nikasema divai ya Dodoma. Akasema divai ni ya padri. Ulanzi, pombe ya mianzi, angeukubali, lakini mwezi wa tisa mianzi haitoi kitu. Mwisho nikapendekeza harusi isogezwe hadi kiapo cha Wahungaria kiishe, maana zilibaki wiki chache tu kufika tarehe sita Oktoba. Padri alikuwa ameshatangaza ndoa mara tatu, na kadi zilikuwa zimeshasambazwa hadi Mbeya.

Nikamkasirikia Silvanus, maana nilipompa ujumbe alijibu tu kwamba hagongi. Nilimkuta jikoni peke yake, nikamwambia wazi, "Unataka mwanao aingie ukweni kama mwizi, kwa sababu ya Wazungu waliokufa babu yako hajazaliwa?"

Akaweka kisu chini. "Si majenerali, Bashiru."

Akanieleza habari za Lajos, msimamizi wake katika kiwanda cha mabasi alikojifunzia. Lajos alikuwa na mdogo wake, Pista, kijana wa miaka kumi na tisa. Mwaka 1956 Wahungaria waliinuka tena, safari hii dhidi ya Warusi na serikali yao, na vifaru vikawazima. Pista alikamatwa, akanyongwa. Maiti haikurudishwa, wala wazazi hawakuonyeshwa kaburi. Miaka ile Silvanus alipokuwa huko, kuwasifu watu wa 1956 hadharani kulimponza mtu. Lakini kutogonga bia nani angekukataza? Ilikuwa desturi ya zamani, ya majenerali. Lajos alimwambia hayo nyumbani kwake, kwa kunong'ona, redio imefunguliwa kwa sauti kubwa. Kila aliporudisha chupa kifuani alikuwa anamkumbuka Pista. Hakuwa na mahali pengine pa kumkumbukia.

"Mama yangu alifariki Lupembe nikiwa kule," Silvanus alisema. "Habari inanifikia, wameshamzika. Sikuwa na ndugu wa kulia naye. Lajos akaja chumbani kwangu na bia mbili. Hakugonga. Akasema, hii ni ya mama yako. Tangu siku hiyo sijagonga."

Hasira yangu ikaisha palepale, nikaona aibu kidogo. "Basi mwambie Polikarpo hivyohivyo. Ni mtu, ataelewa."

"Ataelewa. Halafu atawaeleza ndugu zake, na MC atatangaza kwenye kipaza sauti, watu wapige makofi. Lajos amekufa bado ananong'ona. Mwaka mmoja baada ya kifo chake nchi yake ikawazika upya wale watu wa 1956 kwa heshima, yeye hakuiona siku hiyo. Siwezi kumgeuza kuwa stori ya harusi. Na wewe usiseme."

Sikusema, mpaka sasa ambapo yeye na Polikarpo wote wametangulia.

Nilipotoka nilimkuta Noela nyuma ya jiko anasugua sufuria. Alikuwa amelia. Hakusikia tuliyoyazungumza, kwa kuwa alianza kuuliza bila hata kunisalimu.

"Mjomba Bashiru, hivi baba anawapenda Wahungaria kuliko mimi?"

Nilikuwa na jibu mdomoni, nikalimeza. Nikasema, "Usiseme hivyo, mama." Dirisha la jiko lilikuwa wazi, na kule ndani Silvanus alikuwa ameanza tena kukata vitunguu. Nilisikia kisu kikisimama.

Harusi ilifungwa Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa tisa. Ukumbi ulijaa, upande mmoja watu wa Makambako na Njombe, upande mwingine Wapangwa wa Mlangali waliosafiri juu ya lori langu, nyimbo njia nzima. Noela alikaa mbele na glovu zake nyeupe, na hakumwangalia hata Benno. Alikuwa anamwangalia baba yake.

MC, ambaye hakujua lolote, akachangamka. "Sasa wazazi wa pande zote mbili! Wasimame, wagonge, tuwaone!"

Polikarpo alisimama na chupa. Alitembea hadi katikati ya ukumbi, akasimama hapo. Hakusogea zaidi, alitaka afuatwe. Ndugu zake waliokuwa wanaijua habari wakaacha kutafuna.

Silvanus aliinuka pembeni yangu. Suti yake ya Hungaria ilikuwa imembana mabegani. Alikwenda taratibu, akafika mbele ya Polikarpo, akaitazama chupa yake kwa muda kidogo. Nikaona midomo yake inacheza. Sikusikia, na hata ningesikia, Kihungaria sikijui. Kisha akanyoosha mkono akagonga.

Mlio wenyewe ulikuwa mdogo sana. Vigelegele vikaufunika. Polikarpo alimkumbatia kwa nguvu hadi bia ikawamwagikia wote wawili, akageuka akamshika Noela mkono na kuuinua juu. "Watu wa Mlangali, mnaniona? Huyu nimemzaa mimi!" Alikuwa anafuta macho waziwazi. Nilitaka kumchukia mzee yule, nikashindwa, maana alichokuwa anadai ni kuheshimiwa tu.

"Umeona, mkwe?" akamwambia Silvanus. "Kumbe jambo dogo tu."

"Dogo kabisa," Silvanus akajibu.

Alirudi akaketi, akaiweka chupa chini ya kiti bila kuinywa. Nikamsogezea soda yangu, akanywa kidogo.

Wakati wa keki Noela alikuja akapiga magoti mbele yake, akamlisha kipande. Uso wake ulikuwa umefunguka, wa mtu aliyepata jibu la swali lake. Kisha akashtuka.

"Baba, mbona unalia?"

"Ni furaha, mwanangu."

MC akalidaka hilo kwenye kipaza sauti, akasema jamani baba wa bibi harusi analia, mpigieni makofi, na ukumbi mzima ukapiga. Na furaha nayo ilikuwemo. Hilo siwezi kumnyima.