Mengineyo

Fundi cherehani aliingizwa kwenye kamati ya ujenzi wa shule kwa sababu mradi ulitaka wanawake, na yeye ndiye mwanamke aliyekuwa karibu. Hakuna aliyemficha hilo. Alipewa kiti cha mlangoni, na chupa ya chai ikawekwa mbele yake, si mbele ya mwingine.

Alikubali, maana alikuwa na jambo lake. Vyoo vya wasichana havikuwa na milango. Binti yake, kifunguamimba, akiwa katika siku zake alibaki nyumbani, na kila mwezi alirudi darasani akiwa ameachwa nyuma zaidi.

"Mama, usipowaambia wewe, nani atawaambia?"

Akawaambia. Mwenyekiti, mwalimu mstaafu mwenye maneno matamu, alimsikiliza kwa heshima zote.

"Hoja nzito hiyo, mama. Tutaiweka kwenye mengineyo."

Maskini, alidhani mengineyo ni mahali pa mambo mazito. Alirudi nyumbani kifua mbele. Kumbe mengineyo ni ile dakika ambayo wanaume wameshasimama wanatafuta kofia zao, na mwenyekiti anakunja miwani huku akiuliza, "Kuna mengineyo? Hakuna. Kikao kimefungwa." Kikao baada ya kikao walibishana kuhusu rangi ya bati, na ukubwa wa herufi za kibao cha mradi. Kwenye milango hawakufika.

Alipochoka kungoja, alishona mapazia ya turubai, akayatundika vyooni kwa mikono yake. Mshono ulikuwa imara, hilo hakuna wa kumsuta. Lakini pazia halina komeo. Wavulana walilivuta binti yake akiwa ndani, katika siku zilezile, wakacheka mpaka wakakaa chini.

Binti alifika nyumbani kabla ya kengele. Alivua sare, akaifua, na ilipokauka akaizika chini kabisa ya sanduku. Kisha akaketi kwenye cherehani.

"Nifundishe kushona."

Mama alimbembeleza, akamfokea, mwishowe akalia mbele yake bila kujificha. Msichana alikuwa ameshatunga uzi.

Siku ya kikao cha mwisho bati lilikuwa linameta, na kibao kilisomeka toka barabarani: Elimu Sawa kwa Wote. Mwenyekiti alimwambia mgeni wa mradi kwamba kamati yake ina sauti ya mwanamke. Na kwa kuwa mgeni yupo, safari hii aliuliza akiwa ameketi, miwani machoni, akangoja jibu.

"Mama, kuna mengineyo?"

Wote wakamgeukia.

"Yalikuwepo, mwenyekiti. Sasa yako nyumbani, yanashona."

Mwenyekiti hakuelewa, au alielewa vizuri sana. Alicheka kidogo.

"Basi hakuna," alisema, akafunga kikao, na mgeni akamsogezea fundi kikombe chake ajaziwe chai.