Nyumba ya Kuvutwa na Pikapu

Hortense alikuwa amelala chali juu ya kitanda kisicho chake, viatu mkononi, na tayari alikuwa safarini. Kitanda kilikuwa ndani ya karavani, ile nyumba ya magurudumu inayofungwa nyuma ya gari, na karavani yenyewe ilikuwa imesimama tuli kwenye uwanja wa muuzaji mmoja kule Märsta, ndege za uwanja wa Arlanda zikipita juu yake. Lakini nenda ukamwambie Hortense kwamba imesimama! Yeye aliona misonobari ikipita dirishani, kisha ziwa, kisha ziwa jingine, mpaka kule kaskazini ambako wazee anaowauguza hospitalini Flemingsberg walimwambia kwamba mwezi wa Juni jua halilali. Alifumba macho na bado lile jua aliliona.

"Papa Josiane," alimwita mumewe kwa jina la binti yao, "njoo basi! Kuna jiko, kuna kabati la vyombo, na meza hii ina dirisha lake peke yake."

"Nakuja, mama," alijibu Édouard, na hakuja. Alikuwa amechuchumaa nyuma ya pikapu yake ya bluu, anatokwa jasho kana kwamba mwezi wa Mei wa Sweden ni mchana wa Uvira. Muuzaji alikuwa amewaruhusu kuifunga karavani kwenye pikapu na kuijaribu kidogo barabarani, na Édouard hakutaka kabisa kuijaribu. Maana tangu Jumanne alikuwa anajua jambo, na tangu Jumanne alikuwa amefunga mdomo.

Kosa alilifanya mwenyewe, na alilifanya kwa madaha. Jumapili ile walipoiona karavani kwa mara ya kwanza, Hortense aliuliza swali la mtu mwenye akili: pikapu itaiweza? Mwingine angesoma karatasi za gari. Édouard, dereva wa malori wa Kivu miaka kumi na miwili, asome karatasi? Weh! Baada ya ibada aliwachukua wanaume watatu wa sauti ya chini wa kwaya, wale wenye matumbo yao, akawaketisha kwenye ubao wa nyuma wa pikapu. Akainama, akatazama springi, akapiga tairi mateke mawili. Hivyo ndivyo walivyopima kwao, kwa jicho na kwa teke, na lori lilihesabiwa limejaa pale tu mtu wa mwisho alipokosa pa kushika.

"Hii inavuta hata nyumba ya pasta," alitangaza, na kanisa zima likasikia.

Jioni ileile Hortense akaanza kushona mapazia ya karavani kwa mkono, sindano na uzi, akiimba. Na kwa kuwa kanisa zima lilisikia kwamba wanakwenda Luleå, kule kaskazini, mizigo ikaanza kuingia nyumbani. Unajua watu wetu. Mtu akisema anasafiri, tayari si wa kwake tena. Huyu analeta unga wa muhogo wa shemeji yake, yule dagaa za binamu, mama Kahindo wa kanisani akaleta mifuko mitatu akisema ni vitu vidogo tu, na kila mmoja ulihitaji watu wawili kuupandisha ngazi. Hortense hakukataa hata mmoja. Kukataa mzigo wa mwenzako ni kama kumfungia mlango, na yeye milango ya kufungiwa aliijua.

Ndipo Jumanne Édouard akamhadithia rafiki yake Kariuki, Mkenya anayesimamia mzani wa malori kwenye uwanja mmoja wa kokoto. Kariuki hakucheka. Aliomba karatasi ya usajili wa pikapu, akaipekua, akaweka kidole.

"Edu, soma hapa. Trela yenye breki, mwisho kilo elfu moja na mia tano. Hiyo nyumba yenu ikiwa tupu ina ngapi?"

"Elfu moja mia nne na ishirini. Si inaingia?"

"Ikiwa tupu, bwana! Mtaenda na njaa? Weka maji, weka gesi, weka hema la mbele, sufuria, magodoro. Na vile nyinyi Wakongo mnasafiri, wacha tu! Mimi sijawahi kuwaona mkisafiri na kilo themanini."

Édouard akakumbuka mifuko ya mama Kahindo.

"Wanaume watatu wamekaa nyuma na springi hazikulalamika," alijaribu.

"Hao walikuwa wamekaa, Edu. Hawakuwa wanakusukuma. Ukishuka mteremko na mzigo uliokuzidi, mzigo ndio unaendesha. Wewe ni abiria tu."

Hilo Édouard hakuhitaji kuambiwa na Mkenya. Alilijua kwa mwili wake, na ndiyo sababu alifunga mdomo.

Mwaka tisini na sita, vita vilipoingia Uvira, alijaza lori lake watu wanaokimbia kusini. Kwenye kilima cha kupanda Fizi lori likagoma, likaanza kurudi nyuma polepole, watu wakipiga kelele. Breki zikashika kwa huruma ya Mungu. Édouard akaruka chini na kuanza kuamuru vitu vishushwe, na juu kabisa ya mzigo alikuwa ameketi msichana aliyekumbatia cherehani. Ilikuwa cherehani ya marehemu mama yake, kitu pekee alichowahi kukitoa nyumbani. Édouard alimwambia maneno mawili: "Gari haliwezi." Msichana akamtazama, akaishusha mwenyewe, akaiweka kando ya barabara taratibu kama anayelaza mtoto. Lori likapanda.

Msichana huyo ndiye Hortense. Miaka kumi na tatu sasa anamtania mbele za wageni: "Huyu mnamwona? Huyu ndiye aliyetupa nyumba yangu barabarani, halafu akaja kunioa!" Wageni hucheka, na Édouard hucheka pamoja nao, kisha huinuka kuwamiminia chai ambayo hawajaiomba. Mbele ya mwanamke huyu anaweza kuvumilia mengi. Kumwambia maneno yale mawili mara ya pili, hapana. Bora ampeleke kaskazini kwa mwendo wa konokono na maombi.

"Papa Josiane! Umelala huko?"

"Nafunga, mama. Nafunga."

Alifunga. Hortense akaja kuketi mbele karibu naye, uso wake bado uko Luleå, na wakatoka taratibu barabarani. Jioni ilikuwa ndefu na nyeupe, mashamba yanang'aa, na karavani kubwa ikawafuata nyuma bila sauti. Hortense akaitazama kwenye kioo cha pembeni.

"Ona, inatufuata," alisema kwa sauti ndogo. "Nyumba inatufuata yenyewe, Édouard. Hakuna anayeibeba kichwani."

Édouard akahisi macho yanamwasha. Mbele kulikuwa na mteremko mdogo, wa kawaida kabisa, watoto wanaushuka kwa baiskeli. Aligusa breki. Karavani ikawasukuma mgongoni, kidogo tu, kama mtu anayepita kwenye foleni. Mikono yake ikabana usukani mpaka mishipa ikatokeza, na hakuiachia hata barabara iliponyooka.

Hortense aliacha kutazama kioo. Akatazama ile mikono.

"Simama," alisema.

Alisimama penye nafasi kando ya barabara. Hortense akashuka, akaenda nyuma, akarudi kinyumenyume hatua kumi kama fundi anayetazama ukuta. Pikapu ilikuwa imekaa kwa makalio, pua juu. Na ndani ya karavani hakukuwa na sufuria hata moja.

"Na unga wa watu?" aliuliza.

Édouard akashuka, akainama kutazama springi.

"Na maji? Na mifuko ya mama Kahindo?"

Hortense akapumua, akaweka mkono juu ya boneti la ile pikapu ya bluu kama mtu anayempoza punda, akasema yeye:

"Gari haliwezi."

Édouard akaegemea mlango. "Niliyajua hayo tangu Jumanne."

"Na hukuniambia?"

"Nilishakuambia mara moja, Hortense. Mara moja ilinitosha."

Hortense akamtazama sana. Kwa mara ya kwanza aliona kwamba utani wake wa miaka kumi na tatu, aliouona ni mtamu, huyu mtu alikuwa akiumeza na mifupa yake. Akaona haya. Akamshika sikio, hivyo, kama anavyomshika binti yao Josiane.

"Mjinga wewe. Nakutania kwa sababu tulifika. Kama tusingefika, nani angekutania?"

Wakairudisha karavani kubwa uwanjani, Hortense akaiaga kwa kuipigapiga mlangoni. Safari hii wakaanza na karatasi: elfu moja mia tano za pikapu kwanza, halafu uzito wa nyumba ikiwa imejaa. Wakapata nyingine Spånga, kwenye bustani ya mwalimu mstaafu aitwaye Gunvor. Ilikuwa ndogo, rangi ya maziwa, kitanda kimoja na meza moja yenye dirisha. Ikijaa kabisa inaruhusiwa elfu moja na mia tatu. Mapazia yakawa marefu, Hortense akayakata.

Mwezi wa Juni, siku ya kuondoka, wakapitia kwa Kariuki. Mifuko ya mama Kahindo ilikuwa imepunguzwa, mama Kahindo amenuna na atapona. Karavani ikafunguliwa kutoka kwenye pikapu, ikasukumwa peke yake juu ya mzani wa kokoto, ambao huhesabu kilo ishirini ishirini.

"Elfu moja mia mbili na themanini," Kariuki alisoma. "Edu, umebakiza ishirini. Za nini?"

Hortense alikuwa amekwisha kufungua mdomo kuuliza swali hilohilo, maana asubuhi mumewe alimkatalia mtungi mmoja wa achari kwa ukali usio wake. Édouard hakujibu. Alienda kwenye pikapu, akaondoa koti lililofunika kitu nyuma ya kiti, akarudi amekumbatia cherehani nyeusi ya mkono, ya mitumba, inayofanana na ile iliyobaki njia ya Fizi, maua yake ya dhahabu yamefifia. Akaingia nayo ndani, akaiweka juu ya meza yenye dirisha, akashuka.

Mzani ukaruka. Elfu moja na mia tatu kamili.

Hortense alipanda, akaketi mbele yake. Akazungusha mkono wa cherehani mara moja, ikaimba, na kwa muda hakuona tena mzani wala kokoto. Aliona kando ya barabara moja ya mbali, na pale alipoilaza ile ya mama yake palikuwa pamebaki patupu. Alilia bila kujificha, na Kariuki akajifanya anasoma namba upya.

Baadaye akafungua kitenge chake, akaifunga cherehani kwenye mguu wa meza, mafundo mawili.

"Hii haishuki," alisema.

"Haishuki," alisema Édouard, akaenda kuangalia ndoano ya kuvutia karavani mara nyingine.