Tonge Lililokwama

Wewe unayenisikiliza, jana mumeo alimeza matonge mangapi? Usicheke. Niliulizwa hivyo hospitali hapa Bariadi, mimi mwenye wajukuu tisa, na sikujua.

Kwetu wanaume wanakula nje, kwenye moto wao. Napeleka ugali wa mtama na mlenda, nageuka, nakula jikoni na watoto. Sahani ikirudi tupu najua mzee Mayige kashiba. Miaka arobaini na miwili nilipima shibe ya mume wangu kwa sahani ya wanaume wanne.

Kiungulia chake nilikijua. Kilianza mwaka ule tulioezeka bati. Akimaliza kula analala chali palepale kwenye ngozi, halafu anaita, "Nyamizi, leta magadi." Natwanga, nakoroga na maji ya vuguvugu, anabeua, anatulia. Majirani nao wakawa wanakuja kuniomba. Nilijiona mganga.

Mwaka jana, wakati wa kuvuna pamba, niliona mkanda wake una tundu jipya, limetobolewa kwa msumari wa moto. Baada ya mwezi, tundu jingine. "Kazi ya pamba hiyo," akasema. Mbwa wetu naye alikuwa ananenepa. Sikuviunganisha hivyo vitu viwili.

Jioni moja napeleka maji ya kunawa, nikamsikia mdogo wake Paschal: "Kaka, unacheua kama dume la ng'ombe! Tonge moja mpaka jua lizame?" Wakacheka wote, na Mayige akacheka. Mkono wake ulikuwa chini ya kigoda, mbwa anamlamba vidole.

Wiki hiyohiyo alipaliwa mbele yangu. Tonge likarudi zima, kama lilivyoingia. Kesho yake nikampandisha bodaboda.

Muuguzi, sista Winnie, alikaa nasi kwenye benchi. "Baba, chakula kinakwama wapi?"

Mayige akagusa katikati ya kifua.

"Tangu lini?"

Akanitazama kwanza. "Nyama, tangu mwaka juzi. Ugali, kabla ya pamba. Sasa hata uji unasita."

"Na kiungulia?"

"Hicho cha zamani. Mama huyu ananipa magadi."

Hapo ndipo sista aliponigeukia na swali la matonge. Nikamwambia sahani hurudi tupu. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

"Mayu," akasema, akiniita mama kwa Kisukuma, "magadi yanatuliza tu. Tindikali ya tumbo inaendelea kupanda na kuunguza njia ya chakula. Mtu wa kiungulia ale kidogo kidogo, asilale mpaka masaa matatu yapite, alale kichwa kikiwa juu. Kikimrudia kila wiki, aje tumwone. Na chakula kikianza kukwama, au mwili ukipungua, asingoje hata mavuno. Aje."

Tulikuwa tumeshavuna.

Wakatupeleka hospitali ya Mwanza, huko walimwingiza mpira wenye kamera kooni. Ni saratani, imeziba njia. Daktari alisema muda wa kuikata umepita. Wakamtoboa tumbo, wakaweka mpira wa kupitishia uji.

Sasa tuko nyumbani. Uji nauchuja mara mbili kwa kitambaa cheupe, nangoja upoe, namsukumia kwa bomba la sindano, polepole, asije akatapika. Paschal alikuja juzi. Akakaa, akazungusha kofia mikononi, utani ukamshinda. Magadi yangu niliyamwaga nyuma ya zizi, na wanaokuja kuyaomba nawaambia maneno ya sista, yote, hata wakichoka.

Chakula changu nakula jikoni, nimefunga mlango, asisikie harufu. Jana nilikuwa natoka na sahani, akaniita.

"Nyamizi. Kaa hapa, ule."

"Utaumia kuniona."

Akaweka mkono juu ya ule mpira.

"Tangu tonge la kwanza lilipokwama," akasema, "nilitaka tule sahani moja, mimi na wewe. Kule kwa wanaume niliona haya. Nilitaka wewe uone."